Ramani Ilihama, Mpango Ukabaki

Kufikia Jumapili ya tarehe 3 Desemba 2023, timu ya futiboli ya Kimarekani ya Chuo Kikuu cha Florida State ilikuwa imeshuka uwanjani mara 13 na kushinda mara 13. Ilikuwa bingwa wa ligi yake, ACC. Siku hiyo yalitangazwa majina ya timu 4 za kuingia kwenye mtoano wa kumpata bingwa wa taifa wa vyuo vya Marekani: Michigan, Washington, Texas na Alabama. Texas ilikuwa imefungwa mara moja, Alabama vilevile. Florida State, isiyofungwa na mtu, ikaachwa nje. Kamati ilieleza kwamba kwotabeki wake, Jordan Travis, kijana aliyeongoza mashambulizi yote ya timu hiyo, alikuwa ameumia mguu wiki 2 kabla, kwa hiyo timu iliyobaki haikuwa tena ile iliyovuna ushindi ule. Travis akaandika mtandaoni kwamba anatamani mguu ungevunjika mapema zaidi msimuni, watu wapate kuona kwamba timu haikuwa yeye peke yake.

Sijui mradi mwingine uliowahi kupigiwa debe vizuri kiasi hicho bila kulipia tangazo. Wakati Tallahassee, mji wa Florida State, unachemka, dawa ilikuwa imeshasainiwa na inasubiri tarehe: kuanzia msimu wa 2024 timu zingekuwa 12 badala ya 4. Mashabiki waliambiana kwamba madhila ya namna hii sasa basi. Timu isiyofungwa itaachwaje nje ya viti 12?

Kwa msomaji wa huku kwetu, jambo la kwanza kuelewa ni kwamba michezo ya wanafunzi kule si bonanza la mwisho wa muhula. Uwanja wa Michigan mjini Ann Arbor unaingiza watu zaidi ya 107,000, na hujaa. Vyuo vinavyocheza daraja la juu ni zaidi ya 130, vimegawanyika katika ligi mbalimbali, na kila kimoja hucheza mechi 12 tu za kawaida, nyingi zikiwa dhidi ya majirani wa ligi yake. Timu mbili zinaweza kumaliza msimu zikiwa na ushindi 11 kila moja bila kukutana, na bila hata kukutana na mpinzani mmoja wa pamoja. Msimamo wa kawaida wa ligi hauwezi kuamua nani bora. Ndiyo maana hatima ya vijana hawa huishia mikononi mwa kamati ya watu 13 wanaokaa hotelini mjini Grapevine, Texas, kuangalia video, kusoma takwimu na kupiga kura.

Kwa miongo mingi hapakuwa hata na fainali. Bingwa alipatikana kwa kura za waandishi wa habari na makocha, na baadhi ya miaka wakapatikana mabingwa wawili. Mwaka 1998 ukaja mfumo wa BCS, uliochanganya kura na hesabu za kompyuta ili kuchagua timu 2 za fainali. Januari 2012 mfumo huo ukazikutanisha LSU na Alabama, timu za ligi moja ambazo tayari zilikwisha kupambana Novemba. Nchi nzima ikaguna, na miezi michache baadaye marais wa vyuo wakapitisha mtoano wa timu 4 ulioanza msimu wa 2014. Mwaka huohuo wa kwanza, TCU ilikuwa ya 3 kwenye orodha ya kamati, ikashinda mechi yake ya mwisho kwa 55-3, na ilipoamka siku iliyofuata ikajikuta ya 6. Kila upanuzi umezaliwa na malalamiko ya mfumo uliotangulia, na haujawahi kumaliza msimu wake wa kwanza bila kuzaa ya kwake.

Mpango wa timu 12 uliandikwa kwa makini, hilo lazima tulikubali. Juni 2021 watu wanne waliokabidhiwa kazi hiyo walitoa pendekezo lao: Greg Sankey, kamishna wa ligi ya SEC, Bob Bowlsby wa Big 12, Craig Thompson wa Mountain West, ligi ya vyuo visivyo na fedha nyingi, na Jack Swarbrick wa Notre Dame, chuo ambacho timu yake ya futiboli haina ligi. Mabingwa 6 wa ligi waliopangwa juu zaidi wangepata tiketi moja kwa moja, na nafasi 6 nyingine zingekwenda kwa timu bora zilizobaki. Mabingwa 4 wa juu wangevuka raundi ya kwanza bila kucheza. Timu 8 nyingine zingeanza kwa mechi kwenye viwanja vya vyuo vyenyewe, baridi ya Desemba ikiwa imekolea, badala ya viwanja vya kukodi vya miji ya jua. Mantiki ilikuwa nzuri: mkubwa anapata haki yake, mdogo anapewa mlango, na ubingwa wa ligi unaendelea kuwa na thamani.

Kabla wino haujakauka, Julai 2021 ikavuja habari kwamba Texas na Oklahoma, nguzo mbili za Big 12, zinahamia SEC. Ligi ya Sankey. Bowlsby alikuwa ameketi meza moja na mwenzake kwa muda mrefu wakichora nyumba ya pamoja, na sasa vyumba viwili vya nyumba yake vilikuwa vinahamishwa. Wakati huo ligi tatu nyingine, Big Ten, ACC na Pac-12, ziliunda umoja wao wa kujihami, na Februari 2022 upanuzi ukakwama. Nadhani hapa ndipo kiini cha kisa chote kilipo. Katika miradi mingi tunayoijua, mazingira hubadilika kwa sababu ya mvua, bei ya mafuta au uchaguzi. Hapa mazingira yalibadilishwa na wadau walewale waliokuwa wakiandika mradi, na kwa mikono yao wenyewe.

Juni 2022 USC na UCLA wakatangaza kuiacha Pac-12 na kwenda Big Ten, mmoja wa wale washirika wa umoja wa kujihami. Septemba mwaka huo marais wa vyuo wakawapita makamishna wao na kupitisha timu 12. Mwaka uliofuata Pac-12, ligi yenye historia ya zaidi ya karne moja katika pwani ya magharibi, ikaporomoka ndani ya wiki chache: Colorado iliondoka Julai, Oregon na Washington Agosti 4, Arizona, Arizona State na Utah wakafuata. Stanford na California, vyuo vya eneo la Ghuba ya San Francisco, vikajiunga na ACC, ambayo herufi yake ya kwanza inasimama kwa Atlantiki. Big Ten sasa ina timu 18. Waliobaki nyumbani Pac-12 wakawa Oregon State na Washington State peke yao, kama ndugu wawili walioachiwa kulinda boma.

Mpango ulikuwa umeandikwa kwa ajili ya ligi kubwa 5, zikabaki 4. Kwa hiyo Februari 2024, miezi michache kabla ya utekelezaji, kanuni ikarekebishwa: tiketi za mabingwa zikawa 5 na nafasi huria 7. Lakini kifungu kile kingine, cha mabingwa 4 kuvuka raundi ya kwanza, kikaachwa kama kilivyo. Palipokuwa na ligi kubwa 5, mabingwa 4 wa juu kwa kawaida wangekuwa timu za hadhi ya juu kweli. Lakini wababe walikuwa wamejazana katika ligi mbili, Big Ten na SEC, na kila ligi hutoa bingwa mmoja tu. Desemba 2024 Boise State, ambayo kamati iliiweka ya 9 kwa ubora, ikapangwa ya 3 kwenye mtoano na kupewa mapumziko. Arizona State, ya 12 kwa ubora, ikapangwa ya 4. Texas iliyokuwa ya 3 kwa ubora ikaambiwa ianze raundi ya kwanza.

Zawadi yenyewe ya mapumziko ikageuka sumu. Oregon ilikuwa haijafungwa, ndiyo namba 1 ya nchi, na ilikuwa imeifunga Ohio State 32-31 mwezi Oktoba. Ilitwaa ubingwa wa Big Ten Desemba 7, ikakaa siku 25 bila mechi, kisha Januari 1, 2025 ikaingia uwanja wa Rose Bowl kukutana na Ohio State ileile, iliyokuwa imepasha misuli moto kwa kuibamiza Tennessee 42-17 siku 11 kabla. Kabla nusu ya kwanza haijaisha ubao ulikuwa umeshasoma 34-0. Mwisho ukawa 41-21. Boise State, Arizona State na Georgia nazo zikaaga katika hatua hiyohiyo. Timu 4 zilizozawadiwa, 4 zikatolewa. Mei 2025 kifungu kikafutwa na mapumziko yakapewa timu 4 bora kwa orodha, bingwa au si bingwa. Msimu wa 2025 waliopumzika walikuwa Indiana, Ohio State, Georgia na Texas Tech. Watatu kati yao wakafungwa katika mechi yao ya kwanza, Indiana peke yake ikapita. Kwa hesabu ya misimu miwili, mmoja kati ya wanane.

Nisionekane napinga kila kitu. Raundi ya kwanza kwenye viwanja vya vyuo ni jambo zuri ambalo mpango huu uliahidi na likatokea kama lilivyoandikwa. Notre Dame iliikaribisha Indiana Desemba 20, 2024 kule South Bend, chuo dhidi ya chuo ndani ya jimbo moja, usiku wa baridi kali, na wanafunzi wamesimama kutoka mwanzo hadi mwisho. Kule Columbus, nyumbani kwa Ohio State, mashabiki wa Tennessee walimiminika na rangi yao ya chungwa wakiwa wamekuja kuganda pamoja na wenyeji. Wenyeji wote 4 walishinda kwa tofauti kubwa mwaka ule, na wapo waliosema raundi hiyo ni ya kusindikiza tu. Msimu uliofuata Miami ikaenda College Station, Texas, ikamfunga mwenyeji Texas A&M 10-3, na Alabama ikatoka nyuma kwa 17-0 na kuifunga Oklahoma 34-24 kwao Norman. Hakuna upembuzi yakinifu ungeweza kuonyesha hilo.

Ubishi wa mashabiki nao haukupungua, ulihama ngazi. Zamani waliopigana ni wa 4 na wa 5; sasa ni wa 10, wa 11 na wa 12, yaani timu ambazo karibu zote zina dosari, na kubishania dosari hakuna mwisho. Desemba 2024 nafasi ya mwisho iligombewa na SMU, yenye ushindi 11 na vipigo 2, na Alabama yenye ushindi 9 na vipigo 3. Alabama ilitoka ligi ngumu zaidi na ilikuwa imefungwa na timu mbili za kawaida kabisa. SMU ikapita. Katika kipindi cha redio cha Paul Finebaum, ambacho kwa watu wa kusini ni kama baraza la kijiji, watu walipiga simu siku nzima. Siku 13 baadaye Penn State ikaichapa SMU 38-10 na waliopiga simu wakapiga tena.

Mabishano mengine yana uzito zaidi, na hapa ningependa kukaa kidogo na wazee wanaoupinga mtoano mkubwa tangu mwanzo. Hoja yao ni kwamba utamu wa mchezo huu ulitokana na ukatili wake. Ukifungwa Jumamosi moja ya Oktoba, msimu wako umekwisha, na kwa hiyo kila Jumamosi ilikuwa fainali. Mechi ya Ohio State na Michigan, watani wa jadi wa Big Ten, ilikuwa kilele cha mwaka mzima. Novemba 30, 2024 Michigan iliyokuwa dhaifu ilikwenda Columbus na kushinda 13-10. Kocha Ryan Day alizomewa nyumbani kwake, mashabiki wakataka afukuzwe. Januari 20, 2025 mjini Atlanta, kocha huyohuyo na wachezaji walewale wakaifunga Notre Dame 34-23 na kuwa mabingwa wa taifa. Mzee wa Columbus aliyelia Novemba alishangilia Januari, na bado akabaki na swali: ile mechi ya Michigan sasa ni ya nini?

Upande wa pili wana jibu, nalo linauma. Katika orodha ya mwisho ya kamati mwaka huo, Notre Dame ilikuwa ya 5 na Ohio State ya 6. Kwa mfumo wa timu 4 hakuna hata mmoja kati ya wafainali wale wawili angeingia. Tungekuwa tumempata bingwa mwingine kabisa, na tungeapa kwamba ndiye bora. Ukilifikiria hilo, unaanza kuwatilia shaka mabingwa wa miaka mingi iliyopita. Mimi naona hoja hii ina nguvu kuliko ya wazee, ingawa naelewa kilio chao. Sisi wenyewe tulishangilia AFCON ilipopanuliwa kutoka timu 16 hadi 24 mwaka 2019, kwa sababu ndipo Tanzania ilirudi baada ya miaka 39 na Burundi ikaonekana kwa mara ya kwanza. Ila kule Misri, zilikochezwa fainali hizo, kila timu ilifika kwa pointi ilizozipata uwanjani. Hakuna kikao cha watu 13 kilichoketi kuamua kama Burundi ilifungwa vizuri au vibaya.

Kikao hicho ndicho kilichoponza msimu wa 2025. Miami iliifunga Notre Dame 27-24 Agosti 31, na zote mbili zikamaliza na ushindi 10 na vipigo 2. Hata hivyo kila Jumanne ya Novemba kamati ilipotoa orodha yake kwenye televisheni, Notre Dame ilikuwa juu ya Miami. Wikiendi ya mwisho hakuna aliyecheza kati yao. Jumapili orodha ikatoka: Miami ya 10, Notre Dame ya 11. Kamati ilieleza kwamba BYU, iliyokuwa katikati yao, ilifungwa ikashuka, na timu zilipogusana ndipo matokeo ya Agosti yakatazamwa. Maelezo yana mantiki yake ya kiofisi. Lakini ukimweleza hivyo shabiki aliyeambiwa kwa wiki 5 kwamba timu yake imo, usitegemee akushukuru. Notre Dame ikasusa, ikakataa hata mwaliko wa mechi ya kufungia mwaka. Orodha zile za Jumanne zipo kwa sababu televisheni inataka kipindi cha kuuza, na kama ingekuwa juu yangu ningezifuta kabla ya kugusa kifungu kingine chochote.

Msimu huohuo kanuni ya mabingwa 5 ikatoa tunda ambalo walioipanda hawakulitarajia. Ilikusudiwa kuhakikisha angalau ligi moja ndogo inapata mlango. Ubingwa wa ACC ulichukuliwa na Duke, iliyofungwa mara 5 msimu mzima, na haikuwamo kabisa kwenye orodha ya kamati. Kwa hiyo mabingwa wa ligi ndogo walioingia wakawa wawili, Tulane na James Madison, wakati timu ya 11 na ya 12 kwa ubora zinatazama nyumbani. Tulane ikakandikwa 41-10 na Ole Miss, James Madison ikapigwa 51-34 na Oregon, na wenye ligi kubwa wakapata walichokuwa wakikitafuta: ushahidi kwamba mdogo hana haki ya kiti. Ole Miss yenyewe ilicheza bila kocha wake Lane Kiffin, aliyekubali kazi ya LSU siku ya mwisho ya Novemba na kuiacha timu mlangoni mwa mtoano, jambo ambalo kalenda ya mpango haikuliwekea kizuizi chochote.

Na fedha? Kwa mkataba wa ESPN wa dola bilioni 7.8 kwa miaka 6 kuanzia msimu wa 2026, Big Ten na SEC kwa pamoja zitachukua zaidi ya nusu, na ndizo zilizokabidhiwa usemi wa mwisho juu ya sura ya mtoano ujao. SEC ilipendelea timu 16, Big Ten ilizungumzia 24. Anayelipa nauli ni shabiki. Wa Indiana, chuo kilichokuwa miongoni mwa waliofungwa mara nyingi zaidi katika historia ya mchezo huu, waliifuata timu yao Pasadena Januari 1, Atlanta Januari 9 na Miami Januari 19, 2026, hadi ilipoifunga Miami 27-21 na kumaliza na ushindi 16 bila kipigo. Sidhani kama kuna aliyejutia nauli hiyo. Lakini si kila mfuko wa Bloomington, mji wa chuo hicho, uliofika safari ya tatu.

Big Ten na SEC zilishindwa kuafikiana juu ya idadi ya timu, na siku chache baada ya fainali ikatangazwa kwamba msimu wa 2026 utabaki na timu 12, kwa marekebisho. Mabingwa wa ligi 4 kubwa wataingia bila kujali wako wapi kwenye orodha, na bingwa bora wa ligi ndogo atapata kiti kimoja. Notre Dame nayo, ikiwa ndani ya 12 bora, haitaachwa tena. Nilichukua kanuni hizo na kuzirudisha kwenye orodha ya Desemba 2025. Indiana, Georgia na Texas Tech wanaingia kwa ubingwa, Duke naye kwa ubingwa wake wa vipigo 5. Tulane anachukua kiti cha ligi ndogo. Notre Dame, ya 11, anaingia kwa dhamana. Vinabaki viti 6, na vinakwenda kwa Ohio State, Oregon, Ole Miss, Texas A&M, Oklahoma na Alabama. Miami, ya 10, iliyomfunga Notre Dame Agosti, iliyowatoa Texas A&M, Ohio State na Ole Miss, na ikakosa ubingwa wa taifa kwa pointi 6, inabaki nyumbani.